Hanang kwa siku moja kabla ya Kilimanjaro: mtihani wako uko kwenye kushuka

Swali lililonifikia nalifupisha hivi: "Shikamoo kaka. Nafanya kazi ofisini Dodoma, nina miaka 34, sijawahi kupanda mlima wowote. Mwezi wa 12 napanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini, njia ya Machame siku 7, tunaanza tarehe 4 ili tarehe 9 asubuhi tuwe Uhuru. Nimepanga Jumamosi ya tarehe 28 Novemba nipande Hanang kwa siku moja kama mazoezi, na nibebe begi la kilo 15 ili nijikomaze. Nikifika juu bila kichwa kuuma, si ndo nimeshakuwa tayari?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kufikiria mazoezi, maana kuna watu wanakuja Moshi wamenunua koti zuri na miwani lakini miguu haijapanda hata ngazi za ghorofa ya 3. Na Hanang umechagua vizuri, kwa mtu wa Dodoma sioni mlima wa siku moja unaofaa zaidi ya huo, unapita Kondoa mpaka Babati alafu Katesh, lami mwanzo mwisho. Ila kwenye mpango wako kuna vitu vitatu naomba uvibadilishe, tarehe, uzito wa begi, na hicho kipimo chako cha kichwa. Naanza na kichwa kwa sababu hicho ndo kinaweza kukuletea matatizo huko mbele.

Hanang ina mita 3,420, Katesh pale chini ni kama mita 1,800, kwaiyo unapanda mita 1,600 hivi na unazishuka zote siku hiyo hiyo. Ni kazi kubwa hiyo usiidharau. Sasa ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi kule juu, kwa watu wengi unaanza juu ya mita 2,500, lakini haukukamati hapo hapo unapofika, unachukua masaa, mara nyingi kati ya 6 na 12, ndo maana kambini watu wanakula vizuri jioni wanacheka alafu saa 6 usiku unasikia mtu anatapika nje ya hema. Piga hesabu ya siku yako ya Hanang. Tuseme mita 2,500 unazipita saa 3 asubuhi, kileleni saa 6 mchana, unapumzika nusu saa, unageuza, saa 9 na kitu umeshakuwa chini ya 2,500 tena. Muda ambao kichwa kilitakiwa kianze kuuma we uko gesti Katesh unakunywa supu. Kwaiyo kutoumwa kichwa Hanang hakukwambii chochote kuhusu usiku wa Barafu, ile kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, na nimeona watu wanakuja na hiyo imani, "mi mwinuko haunisumbui nilishapanda mlima fulani asubuhi nikashuka jioni", alafu kichwa kikianza kuuma kweli wanamficha muongozaji kwa sababu hawaamini kama ni chenyewe. Hapo ndo hatari inapoanzia.

Na kinyume chake pia, kichwa kikikuuma Hanang usiogope ukaghairi safari, mara nyingi ni jua, maji machache na kutokula.

Mwili kuzoea hewa nyepesi kunataka kulala juu, usiku baada ya usiku. Pale Uhuru kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni Dar, na hakuna mazoezi ya mbio wala jimu yanayobadilisha hilo. Njia ya Machame inakusaidia yenyewe, siku ya 3 inakupandisha mpaka Lava Tower, mita 4,600 na kidogo, mnakula mchana pale, alafu mnashuka kulala Barranco kwenye 3,900 na kitu. Sisi tunasema panda juu lala chini. Na nimefurahi umechukua siku 7 badala ya 6, ule usiku wa ziada kwenye kambi ya Karanga una thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua. Ungekuwa na pesa na likizo zaidi ningekwambia panda Meru siku chache kabla, kwa sababu Meru unalala Miriakamba alafu Saddle, usiku wa pili uko kama mita 3,570, na kilele ni 4,566, hapo mwili unajifunza kweli. Hanang ya siku moja haikupi hicho.

Sasa utauliza, kama haikuzoeshi mwinuko niende kufanya nini? Unaenda kwa ajili ya kushuka.

Chukua siku ya samiti, yani siku ya kufika kileleni. Mnatoka Barafu mita 4,673 karibu saa 6 usiku, mnapanda mpaka 5,895, ni kama mita 1,200 za kupanda, taratibu, kwa baridi, na kila mtu akili yake yote iko pale juu. Lakini siku hiyo haijaisha. Mkishapiga picha mnashuka mpaka Barafu, mnapumzika kidogo, mnashuka tena mpaka kambi ya Mweka kwenye mita 3,100. Jumla ya kushuka siku hiyo ni karibu mita 2,800, kwa miguu ambayo haijalala. Kesho yake mna mita kama 1,450 nyingine mpaka geti la Mweka, msituni, ngazi za udongo na mizizi, mara nyingi utelezi. Hizo ni zaidi ya mita 4,200 za kwenda chini ndani ya siku mbili, na kwenye mazoezi ya watu wengi sikuti hata dakika 10 za kushuka. Wanapanda ngazi alafu wanarudi kwa lifti.

Kuna kijana mmoja sitamsahau, alipanda vizuri mno, Uhuru alifika kabla jua halijatoka sawasawa, ana nguvu, anaimba na wagumu, yani wapagazi wetu. Tulipokuwa tunashuka kutoka Barafu nikaanza kuona magoti yake yanacheza kila akikanyaga chini, yanatetemeka kama mguu wa fundi anayekanyaga cherehani. Akakaa kwenye jiwe. Alipotaka kuinuka mguu ukakataa, ikabidi aushike paja kwa mikono miwili aunyanyue auvushe jiwe dogo tu la kimo cha kiatu. Mapafu yalikuwa salama, moyo salama, kichwa salama, mapaja tu ndo yameisha. Tulimshusha wawili tumemkamata huku na huku, masaa 3 ya kawaida yakawa 7, tumefika Mweka giza limeingia. Alilia, na hakuwa analia kwa maumivu, alikuwa na aibu, na mimi iliniuma kwa sababu kile kitu kinazuilika kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja ikikusukuma juu. Ukishuka, ile ile misuli inavutwa huku imekaza, inafanya kazi ya breki, na kufunga breki kunachana nyuzi zake ndogo ndogo kuliko kupanda. Ndo maana unaweza kupanda mlima ukajisikia mzima, kesho yake asubuhi unashindwa kukaa chooni, na kesho kutwa ndo inauma zaidi. Lakini hapo hapo kuna habari njema, misuli ikishapitia kushuka kwingi mara moja ikapona, mara ya pili inaumia kidogo sana, na hiyo kinga inakaa kwa wiki kadhaa. Mara moja tu ya ukweli inakusaidia. Hiyo ndo zawadi ya Hanang, mita 1,600 za kushuka kwa mkupuo, sijui ngazi gani Dodoma zitakupa hicho.

Ndo maana tarehe yako haifai. Ukipanda tarehe 28 Novemba, maumivu yanafika kileleni tarehe 30, tarehe 2 unasafiri kuja Moshi, tarehe 4 unaingia geti la Machame na mapaja ambayo bado yanajijenga. Utakuwa umelipa gharama bila kupata faida yake. Rudisha Hanang iwe Jumamosi ya tarehe 14, karibu wiki 3 kabla. Wiki inayofuata tembea kidogo tu tambarare mpaka maumivu yaishe, Jumamosi ya 21 tafuta kilima, hivyo vilima vya mawe vya hapo Dodoma vinatosha, upande ushuke kwa masaa mawili, utaona mwenyewe jinsi maumivu yalivyopungua. Kuanzia tarehe 28 usifanye kitu kizito tena, lala mapema, kula.

Na kabla ya hiyo 14 usikae tu. Ngazi za ofisini, panda kwa mwendo wa kawaida alafu shuka polepole mno, kila ngazi hesabu mpaka tatu huku goti linakunja, mguu mmoja unashikilia uzito wote. Anza na dakika 10, ongeza mpaka nusu saa, mara 3 kwa wiki. Ukimaliza mapaja yawe yanawaka. Mbio sio lazima, kama unapenda kimbia.

Begi la kilo 15, hapana mdogo wangu. Kilimanjaro mzigo wako mkubwa anabeba mpagazi, wewe mgongoni una maji, koti, reinkoti, chakula cha njiani na vitu vyako vidogo, kilo 6 au 7 basi. Ukiweka 15 kwenye mlima wako wa kwanza, ule mzigo unaenda kwenye magoti wakati wa kushuka, na goti sio msuli, likiumia ndani halipoi kwa wiki 3. Beba uzito ule ule utakaobeba kule, kwenye begi lile lile, umefunga mkanda wa kiunoni vizuri ukae kwenye nyonga. Utagundua kama begi linakuchubua bega, heri ugundue Katesh kuliko kambi ya Shira kule Kilimanjaro.

Sasa siku yenyewe. Hanang ni hifadhi ya msitu iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, huingii kienyeji, Ijumaa fika Katesh mapema upite ofisini kwao, wanakupa kontroo namba unalipa, na unapangiwa au unatafuta muongozaji wa pale. Usipande bila mtu wa pale hata kama mko wengi, ukungu ukishuka kule juu kwenye mgongo wa mlima njia inapotea na pembeni kuna makorongo. Njia wanayopita wengi ni ya Jorodom. Inaanza na mashamba, inaingia kwenye msitu, alafu inasimama, yani inasimama kweli, kuna sehemu unashika nyasi na mawe kwa mkono. Ukifika mgongoni utaona kilele mbele yako utafurahi, sio chenyewe, nyuma yake kuna kingine. Nakwambia sasa hivi ili usije ukavunjika moyo pale, na kama umejiandaa hiyo sehemu ni mazoezi mazuri ya kichwa kwa sababu Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta ya Kilimanjaro, nako watu wanafika wanadhani wamemaliza wakati Uhuru bado kuna karibu saa nzima. Kukiwa kweupe unaliona ziwa Balangida kule chini, jeupe kwa magadi, simama uliangalie.

Maji beba lita 4, usitegemee kupata njiani. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya dakika 20, changanya ORS kwenye lita moja kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Chakula beba unachokizoea, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga, chapati, mayai, na ule kabla njaa haijaja. Juu hamu ya kula inapungua, kwaiyo ndo sehemu nzuri ya kujua kitu gani kinapita kooni ukiwa umechoka. Mi wageni wangu wengi mkate mkavu unawashinda lakini kashata wanakula.

Anza saa 11 alfajiri na tochi ya kichwani, kwa makusudi kabisa, maana usiku wa samiti utatembea gizani masaa 6 na kama hujawahi kutembea unaangalia duara la mwanga tu mbele ya kiatu inachosha akili. Mwendo, pima kwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika uko sawa, ukikatika katikati umezidisha, punguza. Kila mtu anajua neno pole pole lakini wachache wanalitembea, na wanaoumia sana ni wenye nguvu. Nimewahi kuwa na mkimbiaji wa marathoni, mapafu safi, siku 2 za kwanza anatangulia anatusubiri kambini, siku ya 3 Lava Tower anatapika na kuyumba, tukamshusha siku hiyo hiyo. Nyuma yake kulikuwa na mama wa miaka 58 anatembea kama anaenda kuchota maji, yule alifika Uhuru. Hanang jifunze mwendo wa yule mama.

Weka saa ya kugeuza na uiheshimu. Saa 7 mchana popote ulipo unageuka, hata kama kilele unakiona. Safari hii kilele sio lengo, na Novemba mvua za mchana zinaanza, ngurumo zikikukuta kwenye ule mgongo wazi hakuna pa kujificha. Na mlima huu lazima niuongelee kwa heshima, tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope na mawe na magogo kutoka mlimani mpaka Katesh, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, familia nyingine zilizikana siku moja. Watu wa pale wanaijua mvua kuliko mimi na wewe, kwaiyo kama imenyesha sana siku mbili tatu nyuma na muongozaji akisema leo hapana, iwe hapana, usimbembeleze wala usimuongezee pesa. Sogeza wiki moja, tarehe 21 bado inakutosha.

Kwenye kushuka sasa, ambako ndo mtihani. Hatua fupi, goti limekunja kidogo muda wote, usifunge mguu ukanyooka, usikimbie kufuata mteremko. Fimbo za kupandia zirefushe kidogo kuliko wakati wa kupanda, tanguliza fimbo mbele alafu mguu. Kila nusu saa simama dakika 2 hata kama hujachoka. Sehemu za nyasi na vumbi utateleza, ukiteleza kaa chini kwa makalio, usijizuie kwa mkono umenyooka, kiwiko na kifundo cha mkono vinavunjika hivyo.

Kucha za miguu zikate siku 3 kabla, fupi, mstari ulionyooka. Kwenye kushuka mguu unasogea mbele ndani ya buti, kidole gumba kinagonga ngozi ya kiatu mara maelfu, kucha inakuwa nyeusi alafu inang'oka. Buti liwe na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukisogeza mguu mbele kabisa, na kabla ya kushuka fungua kamba uzikaze upya pale kwenye kifundo. Kama buti umenunua mtumba, na hakuna ubaya, mi mwenyewe soko la Memorial hapa Moshi nimenunua mengi, likunje na uibonyeze soli kwa kidole gumba. Soli za sponji zikikaa miaka kwenye boksi zinaoza kimya kimya, nje zinaonekana mpya. Kuna dada soli ilibanduka Barranco asubuhi, kipande kizima kama ulimi, tukaifunga na kamba za mpira wa tairi, akatembea na hivyo mpaka Karanga. Hanang ndo utajua kama buti lako ni zima.

Na kwa vile we ni dada nikwambie kama kaka, beba pedi hata kama siku zako bado, nimeona wengi zinakuja kabla ya muda wake mlimani, na beba mfuko wa kuwekea ulizotumia uzishushe nazo.

Ukiwa na presha, pumu, seli mundu, au unahisi una mimba, kaone daktari sasa hivi kabla ya hata hiyo Hanang. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, pia muulize yeye usipewe na mwenzako wa ofisini. Na Kilimanjaro yenyewe, kichwa kikiuma sema saa hiyo hiyo. Kikiuma na unatapika, hupandi zaidi. Ukianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, unashuka hapo hapo hata kama ni usiku, na hakuna wa kukuzuia, tarehe 9 Desemba itarudi mwakani.

Jumapili asubuhi ukiamka gesti, shuka ngazi au kaa kwenye kiti uinuke bila mikono, uone. Mapaja kuuma pande zote mbili sawa sawa ni kawaida, ikifika Alhamisi iwe imeisha. Ila kama ni goti moja, kwa ndani, limevimba, hilo sio la mazoezi, nenda hospitali usisubiri. Alafu niandikie vitu vitatu, ulitumia masaa mangapi kutoka kileleni mpaka chini, mguu ulianza kutetemeka ukiwa umeshuka kwa muda gani, na kucha ipi inauma, hapo ntakwambia nini cha kufanya kwenye zile wiki mbili na kidogo zilizobaki.